Kugonga si Kuaibika

Waswahili wana methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husemwa na wengi na kuaminiwa na wachache. Huambiwa aliyeshindwa ili atulie, na msemaji wake aghalabu ni yule aliyeshinda. Lakini upo mchezo mmoja ambao ndani yake maneno haya hayakuwekwa kwa kuliwaza mtu. Ni kanuni ya kwanza, na anayeivunja huumia mkono, bega au shingo siku ile ile. Mchezo huo ni jujitsu ya Brazili.

Wachezaji wawili hushikana juu ya mkeka mnene kama watu wa mweleka. Hapana ngumi wala teke katika mazoezi yao ya kila siku. Kila mmoja hutaka kumwangusha mwenziwe, kumdhibiti chini, na mwisho kumkunja kiungo au kumpiga kabali. Aliyekwisha kunaswa hupiga kofi mara mbili au zaidi juu ya mwili wa mwenziwe au juu ya mkeka. Na kama mikono yake imefungwa, hutamka kwa sauti. Tendo hilo huitwa kugonga. Likitendeka, aliyeshika huachia papo hapo, wote wawili huinuka, hupeana mikono na kuanza tena.

Mintarafu ya tendo hili dogo pana makosa makubwa yaliyoenea. Mtu anayetaka kuanza kujifunza hukutana na washauri wa namna tatu. Wa kwanza humwambia asianze mpaka awe na nguvu. Wa pili humwambia aanze, lakini asigonge, kwa kuwa shujaa hasalimu amri. Wa tatu humwalika mahali ambapo hatagonga kamwe, kwa sababu hatashindanishwa na mtu. Washauri hawa hawapatani wao kwa wao, lakini wameungana katika jambo moja: wote huona kushindwa kuwa ni doa. Wote watatu wamekosea, na gharama ya kosa lao hawailipi wao. Huilipa mwanafunzi mpya.

Kosa lenyewe huwa bayana mtu akichungua asili ya mchezo. Mwaka 1882, mjini Tokyo, mwalimu kijana Kano Jigoro alifungua shule yake ya Kodokan. Japani ilikuwa na mitindo mingi ya jujitsu wakati huo, na katika baadhi ya mitindo hiyo mbinu zilikaririwa kwa utaratibu uliopangwa tu, kwa maana zilikuwa za hatari mno kujaribiwa kwa nguvu. Kano aliyatoa mapigo na mbinu za kulemaza nje ya mazoezi huru. Akabakisha zile ambazo mtu aweza kuzitenda kwa nguvu zake zote juu ya mwenziwe anayepinga kwa nguvu zake zote, na kesho yake wote wawili wakaenda kazini wazima. Mwanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, akafanya maskani yake mjini Belém, karibu na mahali mto Amazon unapoingia baharini. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie, aliyezaliwa mwaka 1902. Carlos naye akawafundisha ndugu zake, akiwamo Hélio, aliyezaliwa mwaka 1913 na ambaye umbo lake lilikuwa dogo. Mjini Rio de Janeiro familia hii iliukuza zaidi upande wa mapambano ya chini, ambako mtu mdogo aweza kulala chali, akamzuia mkubwa kwa miguu, akangoja kosa lake.

Urithi huu wote, toka Tokyo hata Rio, umesimama juu ya ruhusa ya kushindwa. Bondia hawezi kumpiga mwenziwe kwa nguvu zote kila jioni, kwa kuwa ngumi ikiisha kutoka hairudishwi. Kabali huweza kulegezwa. Kiwiko kilichonyooshwa mpaka mwisho wake huweza kuachiwa kabla hakijateguka. Kati ya mwisho huo na kuteguka pana nafasi ndogo sana, na mlinzi wa nafasi hiyo ni kofi la mwenye mkono. Anayeliondoa kofi hilo huubomoa mchezo mzima. Maana hapo wachezaji watabakiwa na njia mbili tu, ama kuvunjana viungo, ama kuigiza.

Mshauri wa kwanza hajui hayo. Husema kwamba mtu akimbie kwanza miezi mitatu, ainue vyuma, apunguze tumbo, ndipo ajiandikishe. Shauri hili lina sura ya busara, na watu wengi wamelifuata hata wakazeeka bila kuanza. Lakini na atazamwe mtu mwenye nguvu katika siku yake ya kwanza. Hupewa mwenzi mwembamba aliyecheza miaka mitano. Mwenye nguvu husukuma kwa mikono iliyonyooka, na mkono ulionyooka ndio unaotafutwa. Hubana pumzi, hukaza kila msuli, na kabla ya dakika mbili kupita hana pumzi wala msuli. Yule mwembamba hakufanya kazi kubwa. Alihamisha nyonga zake tu, akauacha uzito wake umkalie mwenziwe kifuani.

Nguvu haikumfaa mtu huyu, kwa kuwa hakujua pa kuiweka. Anachohitaji hakipatikani barabarani wala penye vyuma. Anahitaji kujua kulala kwa ubavu badala ya kulala bapa. Kuusukuma mkeka kwa mguu na kurudisha nyonga nyuma, mwendo ambao wachezaji huufananisha na mwendo wa kamba wa baharini. Kuinua kiuno kama daraja ili kumyumbisha aliye juu. Na kupumua wakati kifua kimeelemewa. Mambo haya hujifunzwa chini ya uzito wa mtu mwingine, wala hayana mahali pengine pa kujifunzwa. Mwenye maradhi ya moyo au ya uti wa mgongo na amwone tabibu kabla ya kuanza. Hilo ni jambo la afya na halina ubishi. Lakini kumwambia mnyonge asubiri mpaka awe na nguvu, ili ajifunze ustadi uliokusudiwa wanyonge, ni kumwambia mgonjwa asiende hospitali mpaka apone. Na wanaofukuzwa na shauri hili ni wale wale wanaostahili zaidi kukaribishwa: wenye miili midogo, wanawake, na watu waliopita umri wa ujana.

Mshauri wa pili ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu huwapata wale waliokwisha kuingia. Huyu hupenda hadithi za mashujaa, na hadithi aipendayo zaidi ni ya tarehe 23 Oktoba 1951. Siku hiyo, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo wa Japani aliyemzidi sana kwa uzito. Kimura aliukamata mkono wa Hélio, akaukunja nyuma ya mgongo na kuuzungusha begani. Masimulizi mashuhuri, pamoja na ya Kimura mwenyewe, husema kwamba mkono ulivunjika na Hélio hakugonga. Ndugu yake Carlos ndiye aliyekomesha pambano. Mshauri wa pili huishia hapo, akamtazama mwanafunzi mpya usoni na kumwambia kwamba huo ndio moyo wa jujitsu.

Moyo ule ulikuwa mkubwa, na hapana haja ya kuutweza. Lakini hadithi hii haifundishi anachodhani mshauri. Kwanza, Hélio alikuwa mtu wa miaka 38, bwana wa fani yake, aliyepigania jina la nyumba yake mbele ya halaiki. Hakuwa karani aliyetoka kazini jioni kujifunza mbinu yake ya tatu. Pili, kutogonga kwake hakukubadili matokeo. Kushindwa kulitangazwa vile vile, ila kulitangazwa na ndugu yake badala ya yeye, na mkono ukawa umelipia tofauti hiyo. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, watu wa jujitsu ya Brazili wenyewe waliipa mbinu ile jina la aliyewashinda. Mpaka leo, mwanafunzi mpya katika nchi yoyote hufundishwa mkunjo wa bega uitwao Kimura, na huutumia kushinda. Heshima ya siku ile haikuwa katika mfupa uliovunjika. Ilikuwa katika kukubali kwamba mgeni alikuja na kitu chema, na kitu hicho kikachukuliwa.

Lipo tukio jingine la miaka ile ya 1950 linalotoa funzo lile lile kwa upande wa pili. Oswaldo Fadda, aliyepokea elimu yake kutoka kwa mwanafunzi mwingine wa Maeda, Luiz França, alifundisha watu wa kipato kidogo katika vitongoji vya Rio. Wanafunzi wake walishindana na wale wa shule ya Gracie wakawashinda, na silaha yao kubwa ilikuwa mikunjo ya miguu. Safari hii mbinu ya mshindi haikupewa jina la heshima. Ilidharauliwa kuwa ni ujanja wa watu wa vitongojini, na kwa miaka mingi wachezaji wengi waliona haya kuitumia. Baadaye, mashindano ya karne hii yalipojaa wataalamu wa mikunjo ya miguu, wale waliokuwa wameidharau ilibidi waanze kujifunza upya. Kushindwa kulikokubaliwa kulizaa elimu. Kushindwa kulikobezwa kulizaa upungufu.

Kama mshauri wa pili anataka shujaa aliyegonga, yupo. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver katika Marekani, Royce Gracie, mwana wa Hélio, aliwashinda watu watatu usiku mmoja katika mashindano ya kwanza ya UFC, na wote watatu waligonga. Mmoja wao alikuwa Ken Shamrock, aliyegonga kabla ya dakika moja kutimia. Alitoka na shingo yake nzima na mikono yake mizima. Akaenda akajifunza. Mwezi wa Aprili 1995 alikutana tena na Royce, wakapambana zaidi ya nusu saa bila kupatikana mshindi. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo Shamrock akatwaa ubingwa wa pambano kuu la mashindano yale. Mtu aliyegonga upesi alirudi upesi. Walimwengu wachache wanaomcheka kwa dakika ile moja ya mwaka 1993.

Tena ujasiri wa kutogonga hauna mantiki hata katika mwili wenyewe. Kabali iliyowekwa sawasawa haiminyi koo. Hubana mishipa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde chache. Hapo hapana ustahimilivu wa kuonyeshwa, kwa maana ubongo uliokosa damu haujui subira. Mkunjo wa kisigino ni mbaya zaidi, kwa sababu goti huweza kuharibika kabla ya maumivu kuwa makali. Ndiyo maana kanuni za mashindano humkataza mwenye mkanda mweupe kuutumia. Anayengoja maumivu yamwambie agonge, aghalabu huambiwa baada ya wakati kupita. Mwanafunzi mwenye akili hugonga mapema, huuliza alikosea wapi, na katika saa moja hurudia kosa lile mara tano mpaka limwache. Mwenye kiburi hugonga mara moja kwa mwezi, naye hukaa miezi minne nyumbani bega likimpona.

Mshauri wa tatu huja kwa sauti laini. Yeye hufanya biashara, na ameona kwamba wateja hawapendi kuaibika. Kwa hiyo huondoa mapambano. Wanafunzi wake hukariri mbinu juu ya mwenzi aliyetulia kama gogo, hupongezwa, hulipa ada ya mtihani, na hupandishwa daraja kwa kalenda. Hakuna anayegonga kwa kunaswa kweli, kwa maana hakuna anayenasa. Hapa Kano amerudishwa nyuma zaidi ya karne moja.

Mikanda ya jujitsu ya Brazili kwa watu wazima ni mitano: mweupe, wa buluu, wa zambarau, wa kahawia na mweusi. Kufika mweusi huchukua kwa kawaida kama miaka kumi, na shirikisho la kimataifa la mchezo huu halimpi mtu mkanda mweusi kabla ya umri wa miaka 19. Urefu huo si urasimu. Mkanda katika mchezo huu ni ushahidi kwamba mtu amekutana na upinzani wa kweli mara nyingi na kushindwa mara nyingi. Anayeuza mkanda bila kushindwa huuza cheti cha safari kwa mtu ambaye hakutoka bandarini. Na udanganyifu huu una mwathirika: siku mnunuzi atakaposhikwa na mtu mwovu njiani, mwovu yule hatatulia kama gogo.

Hapana budi kukiri kwamba wapo wanaoogopa kwa sababu njema. Zipo kumbi ambako mgeni hufanywa chambo, ambako mchezaji wa zamani hujipima nguvu juu ya shingo ya aliyefika jana, na mwalimu hutazama akicheka. Watu wameumia humo, na wengine wameuacha mchezo kwa chuki ya haki. Lakini ubaya huo hautoki katika kugonga. Hutoka katika kuuvunja mkataba wa kugonga. Mkataba huo una pande mbili. Aliyenaswa hutoa ishara bila haya, na aliyenasa huachia bila kuchelewa hata kwa pumzi moja. Mkubwa hukaza polepole anapocheza na mdogo, ili mdogo apate wakati wa kuijua hatari na kuisema. Anayechelewa kuachia, au anayemcheka aliyegonga, amefanya kosa kubwa kuliko la yule asiyejua kitu.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya ana kipimo chepesi cha kuchagulia mwalimu. Asiangalie vikombe vilivyopangwa ukutani, wala rangi ya mikanda kiunoni. Na aketi pembeni jioni moja atazame. Je, wakubwa wa ukumbi hugonga wao kwa wao mbele ya wadogo? Je, mwalimu mwenyewe hugonga anapokamatwa? Je, mgeni akigonga, mwenziwe humwonyesha alipokosea? Je, aliyechoka au anayeogopa mwenzi fulani aweza kusema sitaki, na neno lake likasikilizwa? Je, mikeka huoshwa, na wenye choa huambiwa wakae nje mpaka wapone? Majibu ya maswali haya yakiwa ni ndiyo, mahali pale panafaa, hata kama ukuta hauna kikombe. Yakiwa ni hapana, mlango uliomwingiza ndio utakaomtoa, na kutoka vile si woga.

Jambo hili lawahusu pia wale wasiokusudia kukanyaga mkeka maisha yao yote. Vyuoni wamo wasomi ambao hawajagonga hata mara moja. Hoja yao ikivunjwa hubadili maana ya maneno. Ushahidi ukiwaelemea huomba uongezewe. Mwanafunzi akiwasahihisha humkumbusha cheo chao. Kalamu huwaruhusu kufanya hivyo, kwa sababu hoja iliyovunjika haionekani ikining'inia kama mkono. Basi hukaa miaka ishirini na kosa moja, na huliita msimamo. Mwanafunzi wa mkanda mweupe hana anasa hiyo. Dakika tano baada ya kuamini jambo lisilo kweli kuhusu mwili wake na mwili wa mwenziwe, hukumu hutolewa, naye huikubali kwa kofi mbili, na asubuhi hajui lile tu alilolijua jana.

Na aanze, basi, yule anayetaka kuanza, pamoja na tumbo lake na pumzi yake fupi. Akate kucha, afue vazi lake kila baada ya mazoezi, awahi kufika. Katika mwezi wa kwanza asihesabu mara alizogonga. Ahesabu maswali aliyouliza baada ya kugonga. Katika mwezi wa tatu ataona kwamba mtu aliyekuwa akimnasa kwa nusu dakika sasa hutumia dakika tatu. Hatakuwa ameshinda hata mara moja, na atakuwa amekwisha kujifunza mengi.